Bwawa Linalonywewa na Jua

"Na leo umeniulia mboga!"

Sauti ilipaa juu ya ukuta kabla mwenye sauti hajaonekana. Ukafuata mkono, na mkononi mlikuwa na fungu la mchicha uliolegea kama kitambaa cha kufutia meza. Mwisho kikaja kichwa. Jirani alikuwa amepanda juu ya kreti lake la soda, lile lililokaa upande wake wa ukuta miaka nenda rudi kwa kazi moja tu, ya kupandwa na kupigiwa soga.

"Umeniulia, nasema! Jana ulikuwa umesimama wima kama askari wa gwaride. Leo uangalie!"

"Mimi nimekuulia mboga zako kwa mkono gani, jirani?" akajibu Mama Bwawa, aliyepewa jina hilo kwa ajili ya bwawa la kuogelea la uani kwake, na ambaye naye alikuwa amekwisha kupanda kreti la upande wake, maana kugombana na mtu aliye juu ukiwa chini ni kujipunja mwenyewe.

"Kwa ile dawa yako! Tangu juzi mtaa mzima unanuka kama wodi. Harufu imeruka ukuta, imekuja kulala kwenye bustani yangu."

"Harufu haina miguu. Na kama ni kulaumiana, tuanze na mpera wako. Unanimwagia majani humu asubuhi na jioni kama umeajiriwa. Maji yamegeuka kijani kwa ajili ya mti wako, nami nikatia dawa kwa ajili ya ukijani. Kwa hiyo mboga zako umeziua mwenyewe."

"Mti ulikuwepo kabla ya bwawa!"

"Na maji je? Kila siku najaza, kila nikiamka yamepungua. Nani anayachota?"

Jirani akajiinua kwa ncha za vidole.

"Unaniita mwizi wa maji?"

"Sijataja jina la mtu."

"Basi nisikilize vizuri, mwenzangu. Bustani yangu haijui ndoo, haijui mpira. Kiangazi chote hiki sijaimwagilia hata kikombe, uliza mtu yeyote mtaani. Ni mkono tu." Akauinua ule mkono, mchicha ukining'inia, ili mwenzake auone vizuri. "Mungu kanijalia mkono. Maji yako ya kijani niyachote niyapeleke wapi? Nifugie vyura?"

Akashuka kwenye kreti lake kwa kishindo, na ukuta ukabaki ukuta.

Neno "vyura" lilimpata Mama Bwawa pabaya. Vyura wenyewe hawakumsumbua sana, ingawa walikuwa wameshaanza kuja kuulizia nafasi. Kilichomchoma ni kumkumbuka aliyelitamka kwanza. Siku shimo linachimbwa, wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alisimama ukingoni, mkono kiunoni, akasema mbele ya ukoo mzima, "Mdogo wangu, nyumba hii hakuna anayejua kuogelea. Mtaishia kufuga vyura."

Mumewe alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu hata baada ya shule kumsahau. Ni mtu aliyekuwa tayari kubishana na ramani, lakini dada yake hakumbishia kamwe. Akacheka, akasema, "Basi Dada, likitushinda tutalifukia, tukujengee chumba hapo hapo uje ukae na sisi."

Yeye alisema utani. Wifi akaupokea kama hati ya kiwanja. Tangu siku hiyo, kila akipiga simu, akishamaliza hamjambo, swali la pili huwa, "Na uwanja wangu unaendeleaje?"

Si kwamba Mama Bwawa hakumpenda wifi yake. Alimpenda kama watu wanavyoipenda mvua inayonyesha kwa wengine. Lakini kuishi naye? Wifi alikuwa mtu wa kufunua sufuria za watu. Alikuwa mtu wa kupitisha kidole juu ya kabati kisha akakitazama kile kidole bila kusema kitu. Mara ya mwisho alikuja kwa mapumziko mafupi, na alipoondoka Mama Bwawa alijikuta anabisha hodi kabla ya kuingia jikoni kwake mwenyewe. Sasa wifi alikuwa amepiga simu kusema anakuja Jumapili, na safari hii, alisema, "nakuja nimejiandaa."

Kwa hiyo mtu asije akadhani huu ulikuwa ugomvi wa mchicha. Bwawa likikutwa kijani, au jeupe, au nusu tupu, Mwalimu atakumbushwa ahadi yake, naye atakubali, halafu yale maji ambayo Mama Bwawa huingia mpaka magotini na kutoka yatageuka chumba chenye dirisha linalotazama jikoni kwake.

Ile dawa, tuseme ukweli, alikosea. Mwalimu alikuwa amevaa miwani na kulisoma kopo kwa sauti: dawa kiasi hiki kwa maji kiasi hiki, imwagwe jioni, pampu iachwe ikizunguka. Alikuwa anaanza kukokotoa ujazo wa bwawa, urefu mara upana, alipogeuka akakuta kopo tupu.

"Umetia lote?"

"Si uliona maji yalivyokuwa? Kijani kile unakitilia kijiko?"

Kijani kiliondoka, hilo tumpe. Asubuhi bwawa lilikuwa jeupe kama maji ya kuoshea mchele. Mbu aliyetua juu yake asingepona, na ngazi ya chuma ilianza kubadilika rangi. Mama Bwawa alilitazama akajiambia kwamba nyeupe ni hatua ya kwenda bluu.

Zamani wangeitwa watu wakaja kutoa maoni. Nyumba hiyo ilikuwa haikauki watu, kila mmoja na kikombe chake. Lakini tangu bwawa lije, Mama Bwawa alikuwa amebandika masharti mlangoni: oga kwanza, usijipake mafuta, usiingie na khanga, watoto wasikojoe. Watu waliyasoma, wakasema masharti mazuri sana, wakaenda kukaa kwa jirani. Huko kwa jirani hakukuwa na masharti. Kulikuwa na bustani ya kustaajabia, mabenchi, na mwanamke mmoja ambaye watoto wake walikuwa wameshaondoka na vyumba vimebaki vitupu, akisimulia habari za mkono wake. Vikundi vya akina mama vilikuja kujifunza. Wengine waliuomba mkono huo uwagusie mbegu zao. Mama Bwawa mwenyewe, kabla hawajakorofishana, alikuwa mteja wake wa kwanza kila asubuhi, fungu lake likipitishwa juu ya ukuta.

Ijumaa akaja fundi wa mabomba. Mtaani aliitwa Kesho, kwa sababu ndilo jibu lake. Yeye ndiye aliyelaza mabomba ya bwawa tangu mwanzo, kwa hiyo alilitazama kwa macho ya mzazi, yale yasiyoona kasoro.

"Pampu inakohoa," alisema.

"Hata mimi nasikia inakohoa. Inakohoa nini?"

Akafungua kifuniko, akachomoa kikapu cha kuzuia takataka. Humo alitoa majani ya mpera, mapera mawili yaliyochacha, mswaki, na soksi ya Mwalimu ambayo Mama Bwawa alikuwa ameshamshutumu mtu mwingine kuiiba. Akasafisha, akarudisha, akawasha. Pampu ikaacha kukohoa, ikaanza kunguruma kama paka aliyeshiba.

"Sasa usiizime. Iache usiku kucha, weupe utachujwa wote."

"Na maji kupungua?"

Kesho akatazama angani. "Jua."

"Si nilikwambia?" Mwalimu alidakia kutoka kibarazani, kwa furaha ya mtu aliyesubiri shahidi muda mrefu. "Mvukizo! Eneo kubwa, upepo mkavu, joto. Maji yanapanda juu, mke wangu. Hayaibiwi. Yananywewa na jua."

"Jua linakunywa mpaka usiku?"

"Joto lililobaki," alisema Mwalimu, akarudi kwenye gazeti lake.

Mama Bwawa alichota ndoo ya maji ya bwawa ili asugue vidato vyeupe vya kushukia bwawani kabla wifi hajavipitishia kidole. Ameiweka kwenye kidato cha pili, kilichofunikwa na maji kidogo tu, ndoo ikiwa imejaa hadi mdomoni, simu ikaita. Alikuwa wifi.

"Nimeshaongea na fundi wa matofali," wifi alisema. "Nakuja na futi ya kupimia. Usijisumbue kupika sana."

Akasahau ndoo, akasahau kusugua, akaenda kulala na roho juu.

Asubuhi ya Jumamosi alitoka na khanga begani, akakuta bwawa limeshuka vibaya kuliko siku zote. Kidato cha pili kilikuwa nje kabisa, kikavu. Na juu yake ilikuwepo ndoo, imejaa vilevile hadi mdomoni.

Akaitazama ndoo. Akalitazama bwawa. Akainama, akatia kidole kwenye ndoo, kama mtu anayemwamsha shahidi.

"Mwalimu!" aliita. "Njoo uone jua lako!"

Mwalimu akaja na mswaki mdomoni.

"Ndoo hii imelala hapa hapa, jua lile lile, upepo ule ule, joto lako lililobaki lile lile. Bwawa limenywewa kiganja kizima, ndoo haikuguswa. Nieleze. Jua gani hilo lenye ubaguzi?"

Mwalimu alitoa mswaki mdomoni, akafungua mdomo, akaurudisha mswaki. Wanafunzi wake wa zamani wangelipa kuiona sura ile.

Basi halikuwa jua. Na mwizi pia hakuwepo, maana mwizi anayeiacha ndoo iliyokwisha kuchotwa akainama kuchota nyingine ni mwizi wa ajabu. Maji yalikuwa yanatokea chini. Mama Bwawa akazunguka bwawa lote peku, akikanyaga kwa uangalifu kama anayetafuta pete. Pote pakavu. Akaufuata ukuta, pakavu. Akabaki anatazama kreti la soda.

Aliapa asingelipanda tena. Alilipanda.

Upande wa pili bustani ilikuwa imetulia kwenye mwanga wa asubuhi, na kwa mara ya kwanza Mama Bwawa aliitazama bila kuambiwa aistaajabie. Pembeni, mboga zilikuwa nyembamba, za kawaida, mboga za kiangazi za mtu yeyote. Bali katikati ulipita mstari wa mboga nene zilizoota kwa fujo, mstari ulionyooka kama umepigwa kwa rula, kutoka kwenye ukuta hadi karibu na karo la kufulia. Na mboga zilizonyauka kwa dawa zilikuwa zipi? Zilikuwa za mstari ule ule.

Akakumbuka. Mabomba yalilazwa kabla ukuta haujajengwa. Kesho, kwa kukwepa mwamba, alizungusha bomba la kurudishia maji kupitia uwanja wa jirani, akasema "pale hapapandwi kitu." Ukuta ulipojengwa, bomba lilibaki ng'ambo, likipita chini ya tuta la jirani. Na usiku pampu ikizunguka, lilikuwa linanywesha.

Kwa hiyo mkono wa Mungu ulikuwa bomba lake. Na yeye, kila asubuhi, alikuwa anapanda kreti kununua bwawa lake mwenyewe kwa mafungu, akalichemsha, akamsifia muuzaji. Mama Bwawa akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kimekuchekesha nini kwangu?" jirani alitokea na ufagio.

"Jirani, niruhusu nije. Nije kwa mlango, kiungwana."

Alipomaliza kueleza, ameketi kwenye benchi la wageni, jirani hakucheka hata kidogo. Alitazama mstari ule, akautazama mkono wake, akaufunika kwa mwingine.

"Kwa hiyo unataka kunichimbia bustani."

"Hapo tu penye ufa. Wifi anakuja kesho. Nisipojaza leo, kesho anapima chumba."

Jirani alimjua wifi. Mtaa mzima ulimjua wifi. Lakini huruma ilikuwa inapigana na jambo lingine usoni mwake, nalo likatoka kwa sauti ya chini, "Na wale akina mama? Nimewafundisha, mwenzangu. Nimewagusia mbegu."

"Nani atawaambia?"

"Wewe. Una mdomo kama lango la soko."

"Jirani!"

"Nakuambia kwa kukupenda."

Mama Bwawa alimeza mate. Habari tamu kuliko zote zilizowahi kupita mtaani, na alikuwa anatakiwa kufa nayo. Alilipima hilo, akampima wifi, mizani ikaanguka bila kusita.

"Bomba lilikuwa langu, ila mkono ni wako. Nikisema neno, nife. Na kila jioni nitapitisha mpira juu ya ukuta upande wa mpera, pasipoonekana."

"Maji masafi. Si ya wodi."

"Ya mferejini."

"Basi mlete huyo Kesho wako, na asinikanyagie bamia."

Kesho, kwa maajabu, akaja leo. Alichimba kwenye mstari, udongo ukitoka kama uji, mpaka bomba likaonekana. Palipokuwa na kiungo, mtu alikuwa amekizungushia utepe wa mpira wa baiskeli, akafunga kwa waya. Maji yalikuwa yanatoka humo taratibu, bila aibu, yakifuata mtaro wa bomba kwa urefu wake wote.

Kesho akapiga ulimi kwa dharau. "Tazama kazi za watu. Nani aliwafungia takataka hii?"

"Wewe," walijibu wanawake wawili kwa pamoja.

Akalitazama bomba tena, safari hii kwa huruma. "Kwa kipindi kile," alisema, "ilikuwa kazi nzuri sana."

Alikata kipande, akaweka kiungo kipya chenye gundi, akafukia. Maji mapya yakafunguliwa mchana kutwa, yakaizimua ile dawa iliyozidi. Mama Bwawa alisugua kuta kwa brashi hadi mikono ikamfa ganzi, na pampu ikazunguka usiku kucha bila kumnywesha mtu. Jumapili asubuhi bwawa lilikuwa bluu, limejaa hadi kwenye vigae, unaona chini kila kitu, hata kifungo kilichopotea kwenye shati la Mwalimu. Hata Mwalimu aliingia mpaka kiunoni.

Wifi alishuka garini na sanduku kubwa, na futi ya kupimia ikining'inia kwenye mkoba kama mkia. Hakusalimia kwanza. Alikwenda moja kwa moja hadi ukingoni, akasimama pale pale aliposimama siku ile, mkono kiunoni.

Maji yakametameta.

"Karibu, Wifi," alisema Mama Bwawa, kwa sauti laini ya mtu aliyeshinda. "Unaogelea, au utapumzika kwanza?"

Wifi alichovya kidole, akakinusa. Akatafuta chura kwa macho kila kona. Akatazama chini ya ngazi. "Linanuka hospitali," alisema hatimaye, lakini neno lilitoka bila nguvu, na futi akaisukumia ndani ya mkoba. Mwalimu alijitia kukohoa ili asionekane anashukuru.

Mama Bwawa angeweza kuliacha hapo. Lakini mtu aliyeshinda hutaka kuonekana mkarimu, naye kwa ukarimu ule ule akasema, "Nyoosha miguu, Wifi, umechoka na safari. Kamsalimie jirani, ana bustani ya kutazama."

Wifi akaenda. Baada ya muda alimtuma Mwalimu amletee mkoba. Baadaye kidogo alimtuma amletee na sanduku, maana mna zawadi ya kitambaa chini kabisa. Mwalimu akalibeba, asirudi. Harufu ya kitunguu kinachokaangwa ikapanda ukuta, na kwa mara ya kwanza Mama Bwawa alikubali kwamba harufu ina miguu.

Aliketi peke yake, nyayo zikiwa ndani ya maji ya bluu aliyoyapigania. Pampu ilinguruma. Hakuna mtu aliyekuja kuyaona. Ng'ambo ya ukuta watu walicheka, kikafuata kicheko cha wifi, kile asichowahi kukitoa ndani ya nyumba ya mdogo wake hata mara moja. Mama Bwawa akavumilia, akavumilia, akaona maji ni ya baridi. Akavaa ndara, akazunguka kwa mlango.

Mlangoni palikuwa na viatu vingi. Kupitia mlango wa chumba cha pembeni, kile cha binti wa jirani aliyeolewa, aliona sanduku la wifi limefunguliwa juu ya kitanda, nguo zimeshatundikwa, na futi ya kupimia imenyooshwa dirishani kwa ajili ya pazia. Nyumba ilijengwa juu ya msingi mrefu, na dirisha lilitazama ukuta. Juu ya ukuta, wazi kabisa, lilionekana jiko la Mama Bwawa.

Ndani watu walikuwa wamezunguka sinia. Mwalimu alikwepa macho ya mkewe, akajifanya anachagua ukoko. Jirani alikuwa anapakua, na alipomwona Mama Bwawa mkono wake wa baraka ulisita hewani, jicho moja likisema nisitiri.

"Mboga hizi," wifi alikuwa anasema, mdomo umejaa, "sijala mboga kama hizi tangu nizaliwe. Na mwenyewe ananiambia hamwagilii hata kikombe! Nimemwambia, dada'ngu, nyumba yenye mkono kama huo ndiyo ya kukaa mtu, siyo kukaa na watu wanaotazama maji. Vyumba anavyo, mimi ninaye wa kuzungumza naye. Tumeshaelewana."

Habari ilikaa ulimini mwa Mama Bwawa, ya moto, imeiva, na alikuwa ameapa. Akaimeza yote.

Hapo wifi akageuka, akamwona amesimama kizingitini, akasogea kumpisha nafasi kwenye mkeka kwa ukarimu wa mwenye nyumba.

"Ala, Wifi! Mbona unasimama mlangoni kama mgeni? Nawa mikono, ingia ule."